Mtoto mliyemwandika katika Katiba: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Mwanasheria Mkuu na Bunge

Kwa Waziri wa Afya, Mwanasheria Mkuu, Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti, na magavana wa kaunti zote 47.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Naandika kutoka Mombasa. Nilisomesha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtaani kwetu mimi ni mmoja wa kina mama wanaoitwa kuosha maiti za wanawake na watoto. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonirudisha kwenye Kifungu cha 26 cha Katiba. Pale imeandikwa kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, kisha, katika mstari unaofuata, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa.

Nakumbuka mvutano ulioleta mstari ule. Viongozi wa makanisa walitaka uingie, ukaingia. Hata hivyo wengi wao waliendelea kuipinga rasimu mpaka siku ya kura, Agosti 4, 2010, kwa sababu kifungu kidogo cha nne kiliacha mlango wazi: mimba yaweza kutolewa iwapo mhudumu wa afya aliyehitimu anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Sisi huku pwani tulishughulishwa zaidi na mahakama za Kadhi, na mjadala huu wa mimba tukawaachia wengine. Hatukufanya vyema kuuacha.

Tangu hapo nimekuwa nikimtafuta huyu mtu aliyetambuliwa tangu siku ya kwanza ya mimba. Kwenye hotuba za kampeni yumo. Kwenye hati za mashtaka yumo. Wodini sijamwona, wala kwa msajili wa vizazi na vifo, wala kwa mwajiri wa mama yake, wala kwa msimamizi wa makaburi. Hilo ndilo ninalowaandikia.

Nitawaeleza kisa kimoja nilichokishika kwa mikono yangu. Jina la hospitali sitalitaja, maana si hospitali moja.

Ilikuwa wakati wa masika. Kijana mmoja wa mtaani alifika kwangu alfajiri na katoni iliyokuwa ya sabuni ya unga, ameikumbatia kifuani na kuifunika kwa shati lake isilowe. Ndani mlikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano, amezungushiwa kitambaa cha kijani cha hospitali. Kope zilikuwa bado zimeshikana. Vidole vyote vilikuwa vimekamilika, na ngozi ilikuwa nyembamba kiasi cha mishipa kuonekana chini yake kama nyuzi. Mtoto wa umri huo haoshwi kama wengine. Hakuna kusugua, kwa kuwa ngozi huchanika. Maji ya uvuguvugu huteremshwa kidogo kidogo kutoka kiganjani, na anayeosha hushikilia kichwa kwa vidole viwili, maana shingo bado haina nguvu yoyote. Bafta ya sanda yake haikuzidi upana wa leso. Kafuri tuliyotia ilikuwa kidogo mno.

Baba yake alinisimulia alivyompata. Muuguzi wa zamu alimwambia kuwa mimba iliyotoka kabla ya wiki 28 haiandikiwi chochote, na kwamba "hizo" hupelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Alibembeleza mpaka zamu ikabadilishwa. Muuguzi aliyeingia akamhurumia, akampa katoni, akamwambia apitie mlango wa nyuma. Tulipofika makaburini msimamizi alitaka kibali cha mazishi. Kibali hakikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba kuna mtoto aliyekufa, na hakuna aliyeandika hivyo kwa kuwa kwenye daftari hakuna mtoto aliyezaliwa. Mzee mmoja wa msikiti ndiye aliyetutetea, tukazika.

Mama yake wakati huo alikuwa amelala wodini pamoja na waliojifungua, vitanda vimebanana, watoto wa wenzake wakilia usiku kucha. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Wiki iliyofuata alirudi kazini, matiti yamejaa maziwa, amejifunga kanga kwa ndani yasionekane kwenye nguo. Katika Sheria ya Ajira ya 2007 mna likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Mama wa aina yake hakutajwa humo.

Sasa niambieni, waheshimiwa. Huyu mtoto kwa Katiba yenu alikuwa mtu kwa miezi mitano mizima. Nani alimtendea kama mtu? Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inamjua aliyezaliwa mfu kuanzia wiki ya 28 tu. Kwa Katiba ni mtu tangu mimba kutungwa, kwa msajili si kitu mpaka mwezi wa saba, na kwa tanuri ni taka. Halafu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 227, inasema anayeificha maiti ya mtoto ili uzazi wake usijulikane ametenda kosa, hata kama mtoto alikufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo mama akimzika mwanawe kwa siri kwa kukosa kibali, anaweza kuitwa mhalifu. Hospitali ikimchoma, imefuata utaratibu.

Septemba 2018 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliingia hospitali ya uzazi ya Pumwani na kamera zikamfuata. Zikaonekana maiti 12 za watoto wachanga, zimefungwa na kutiwa kwenye maboksi. Nchi ilifoka kwa siku kadhaa, na wakubwa wa hospitali wakasimamishwa kazi. Nilitazama picha zile nikiwa nyumbani, na sikushangaa kama walivyoshangaa wanangu. Maboksi nilikuwa nayajua. Nilichongoja ni sheria, au walau waraka wa Wizara, wa kusema mtoto aliyekufa tumboni au akizaliwa anawekwa wapi, anakabidhiwa nani, kwa karatasi gani. Huku kwetu bado mambo yanategemea huruma ya muuguzi wa zamu.

Najua mtaniuliza: wewe mwenyewe unaamini mtu anaanza lini? Swali ni la haki, nami nitalijibu.

Mimi ni Muislamu wa madhehebu ya Shafi, kama wengi wa pwani hii. Nimefundishwa hadithi ya Ibn Masud iliyopokewa na Bukhari na Muslim: siku arobaini tone, arobaini pande la damu, arobaini pande la nyama, kisha hutumwa malaika akapuliza roho. Jumla siku 120. Kwa hiyo mtoto aliyefika miezi minne kwetu huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa, na aliye chini ya hapo huvingirishwa kitambaa akafukiwa kwa heshima. Kumsalia kuna hitilafu: Shafi wengi wanasema asiyeonyesha dalili ya uhai hasaliwi, Hanbali wanamsalia aliyetimiza miezi minne. Wala asidhani mtu kwamba kabla ya siku hizo kilichomo tumboni hakina uzito. Imamu Ghazali aliandika kwamba kuiharibu mimba tangu mbegu zinapochanganyika na kutulia ni kosa, kosa likazidi inapokuwa pande la damu, likazidi tena roho ikishapulizwa, na kubwa kupita yote ni mtoto akishatoka hai. Fidia ya kijusi katika fiqhi, yaani sheria yetu ya Kiislamu, huitwa ghurra, nayo ni sehemu moja ya ishirini ya dia kamili, fidia ya kumuua mtu. Wanazuoni wetu walipima jambo hili kwa daraja. Hawakusema ni bure, na hawakusema ni sawa na kumchinja mtu mzima.

Nina rafiki wa miaka mingi, muuguzi, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Yeye anaamini ni mtu tangu sekunde ya kwanza, na kanisa lake linafundisha aheshimiwe hivyo. Lakini hata historia ya kanisa lake ina daraja zake. Thomas Aquinas, mwanazuoni wao mkubwa, akimfuata mwanafalsafa Aristotle, aliona roho ya kibinadamu huingia baadaye, mwili ukishapata umbo la kuipokea. Ni Papa Pius IX, mwaka 1869, aliyeondoa katika adhabu za kanisa tofauti kati ya kijusi chenye umbo na kisicho na umbo. Na hati ya Vatican ya mwaka 1974 juu ya utoaji mimba ilisema inaliacha kando swali la saa hasa roho inapoingia, ikashikilia kwamba hata uwezekano wa kuwapo roho unatosha kukataza. Rafiki yangu huyu, mimba inapotoka na mtoto bado anatweta, huchovya kidole majini akambatiza kabla hajakata roho, kwa kuwa kanuni za kanisa lake zinamtaka afanye hivyo ikiwezekana. Amefanya hivyo usiku mwingi, hakuna aliyemwona.

Tumebishana naye sana kuhusu siku 120 na siku ya kwanza. Hajanishinda, sijamshinda. Madaktari nao hawatatuamulia. Wanatueleza kwamba yai lililorutubishwa huchukua siku sita hadi kumi hivi kujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kwamba mengi hayafiki hapo. Kwamba kwa karibu wiki mbili za mwanzo laweza kugawanyika likawa mapacha. Kwamba mapigo ya moyo huonekana kwenye kipimo wiki ya sita hivi. Kwamba mama wa mimba ya kwanza huhisi mtoto kucheza karibu na mwezi wa tano. Yote ni elimu yenye faida. Ila pale utu unapoingia, kila mmoja wetu anausoma kwa kitabu chake na kwa dhamiri yake. Lakini mwanamke akiletwa damu zinamtoka, mimi ningetaka, na rafiki yangu angetaka, jambo lile lile: aokolewe, asitukanwe, na alichokibeba kishikwe kwa mikono miwili.

Sheria zenu zenyewe zimejaa daraja, waheshimiwa, japo mstari mmoja wa Katiba unajifanya hauzioni. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1930 chini ya Mwingereza, bado inasema katika kifungu cha 214 kwamba mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa anapokuwa ametoka mzima tumboni mwa mama akiwa hai, awe amepumua au hajapumua, kitovu kiwe kimekatwa au hakijakatwa. Kifungu cha 228 kina kosa la peke yake la kumuua mtoto mama akiwa karibu kujifungua. Vifungu vya 158 hadi 160 vina makosa mengine: miaka 14 kwa anayetoa mimba ya mwenzake, 7 kwa mama mwenyewe, 3 kwa anayeleta dawa au vifaa. Sheria ya Urithi inamhesabu aliye tumboni kuwa mtoto wa marehemu iwapo atazaliwa hai. Fiqhi yetu nayo humwekea fungu lake likangoja. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kusema sensa imhesabu aliye tumboni. Kila mahali tunapolazimika kuishi na jambo hili tunaliishi kwa daraja. Hata polisi kwa kawaida hawamshtaki aliyetoa mimba kwa kosa la kuua mtu.

Basi mstari wa Kifungu cha 26 umefanya kazi gani miaka yote hii? Umefanya kazi ya kutisha. Septemba 2012 Wizara ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wahudumu namna ya kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama, kwa mujibu wa kifungu kidogo cha nne. Desemba 2013 mwongozo ukaondolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu, na mapema 2014 wahudumu wakakatazwa hata kupata mafunzo. Msichana wa miaka 14 aliyebakwa katika kipindi hicho alitolewa mimba mahali pasipo salama, figo zikaharibika, akaugua miaka na kufariki 2018. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa kwa mwongozo kulikiuka haki, wakaiamuru Serikali ilipe fidia ya shilingi milioni tatu. Mwaka huo huo, kaunti ya jirani yetu ya Kilifi, msichana wa shule aliyekwenda zahanati mimba ikiharibika alikamatwa pamoja na afisa wa kliniki aliyemtibu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema kukamatwa kule kulikuwa haramu, na kwamba huduma hiyo ni haki ya msingi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo.

Sitaki kuingia katika ugomvi wa mawakili. Nataka mfikirie muuguzi wa zahanati ya kijijini usiku wa manane. Mbele yake kuna mwanamke anayetokwa na damu. Muuguzi hawezi kujua kwa kutazama kama mimba imetoka yenyewe au imetolewa; dalili ni zile zile, na tiba ni ile ile. Katiba, kifungu cha 43, inamwambia asimnyime mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja yeye muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki kuwa miongoni mwa wahudumu waliohitimu. Kisha Kanuni ya Adhabu ya 1930 inamwonyesha miaka 14. Atafanya nini? Wengi huandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa, na gari la wagonjwa halina mafuta. Utafiti uliofanywa na Wizara pamoja na taasisi ya APHRC ulikadiria kuwa mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Hao 120,000 ni waliofika hospitali. Wengine, waheshimiwa, huja kwetu sisi waosha maiti. Tumbo limevimba, harufu ya usaha haifichiki kwa ubani, na familia inasema alikuwa na malaria. Sisi hatuulizi. Tunamtawadhisha, tunamziba, tunamfunga sanda.

Naijua hoja ya wale wanaotaka adhabu zikazwe zaidi. Wanasema bila hofu ya jela mtoto wa tumboni hatakuwa na mtetezi. Sikubaliani nao, lakini siwadharau, maana wanachokililia ni uhai. Ninawaomba tu wautafute uhai huo pale unapopotea kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto karibu milioni mbili huzaliwa wafu kila mwaka ulimwenguni, wakihesabiwa kuanzia wiki ya 28, na zaidi ya asilimia 40 yao hufia katika uchungu wa kuzaa. Yaani mtoto alifika leba akiwa hai. Moyo wake ulisikika. Alikufa akingoja chumba cha upasuaji, au damu, au mtu wa kusoma mapigo yake kila nusu saa kama inavyopasa.

Kumbukeni mwaka 2017. Madaktari walikuwa wamegoma tangu Desemba 2016, siku mia moja, mpaka Machi. Juni wauguzi wakagoma, wakarudi Novemba. Walikuwa wakidai mikataba na malipo waliyoahidiwa. Miezi ile wodi za wazazi za Serikali zilifungwa kaunti kwa kaunti, na wanawake wakazaa wanakozaa. Nani katika ninyi alisimama Bungeni akataja Kifungu cha 26 kwa ajili ya watoto wale? Hawakuwa vijusi vya wiki tatu ambavyo wanazuoni wanaweza kubishana. Walikuwa wametimiza miezi tisa. Kwa kila dini na kila sheria walibakisha hatua moja tu kuingia duniani.

Ninaomba nini, basi?

Kwanza namwomba Waziri wa Afya na magavana watoe waraka unaomlazimu kila mkuu wa hospitali kumuuliza mama aliyepoteza mimba, ya wiki yoyote, kama anataka kumchukua mtoto wake au alichokibeba, na kumkabidhi bila kubembelezwa, kwa barua ya kuonyeshwa makaburini. Asiyetaka, aulizwe angependa hospitali ifanye nini, na ifanyike kwa staha. Kitambaa safi na sanduku dogo havihitaji bajeti ya ziada. Mama huyo atafutiwe kitanda mbali na waliojifungua, hata kama ni nyuma ya pazia. Haya hayasubiri Bunge. Yanaweza kuanza mwezi ujao.

Pili, karatasi. Uingereza, Februari 2024, Serikali ilianza kutoa cheti kwa wazazi wa England waliopoteza mimba kabla ya wiki 24, kwa anayetaka. Cheti kile si cha kuzaliwa, hakiamui mtu alianza lini, na hakimpi mwendesha mashtaka chochote. Kinasema tu kwamba mimba hii ilikuwapo na imepotea. Kuna watetezi wa haki za wanawake watakaohofu kwamba karatasi kama hiyo ni ngazi ya kupandia kuelekea kumwita kila aliyetoa mimba muuaji. Hofu yao nimeielewa, na ndiyo maana nasema kiwe cha hiari, kiombwe na mama mwenyewe, na sheria iseme wazi kwamba hakitumiki mahakamani dhidi yake. Yule kijana wa katoni angekihifadhi pamoja na kitambulisho chake.

Tatu, likizo. Afrika Kusini, sheria yake ya masharti ya ajira ya 1997 humpa likizo ya wiki sita mama aliyepoteza mimba katika miezi mitatu ya mwisho au aliyezaa mtoto mfu. New Zealand mwaka 2021 iliweka siku tatu za maombolezo kwa kila mimba iliyoharibika, hata changa, na baba naye amo. Nchi ambazo katika katiba zao hazikuandika chochote kuhusu mimba kutungwa zimemkumbuka mama huyu. Ninyi mlioandika mmemrudisha kiwandani maziwa yakimtoka.

La nne ni zito, nami nalileta kwa Mwanasheria Mkuu. Vifungu vya 158, 159 na 160 vya Kanuni ya Adhabu vilitungwa miaka 80 kabla ya Katiba. Leteni mswada wa kuvifanya vikubaliane na kifungu kidogo cha nne kilichopigiwa kura na wananchi, ili muuguzi ajue kabla ya usiku huo ni lini yuko ndani ya sheria. Mwongozo urudi, uandikwe kwa Kiswahili pia, ubandikwe zahanati. Mwiko uwekwe wa polisi kuingia wodini kumhoji mgonjwa aliyelala na dripu. Wala sisemi mimba itolewe ovyo. Nimeshawaeleza imani yangu na sijaificha: baada ya miezi minne naona kuna roho, na kabla yake naona kuna amana. Lakini sijapata kuona kifungo cha miaka saba kilichomrudishia mtoto uhai, na nimewafunga sanda wanawake waliokufa kwa kuogopa kifungo hicho.

Na kubwa kuliko yote, fedha za leba. Ahadi ya kujifungua bure ilianza 2013, ukaja mpango wa Linda Mama, sasa ni Linda Jamii chini ya SHA, mamlaka ya Serikali ya bima ya afya. Majina yamebadilika. Mkunga mmoja bado anawaangalia wanawake watano wenye uchungu kwa wakati mmoja, na benki ya damu bado inawatuma waume kutafuta wafadhili usiku. Mnapopitisha bajeti ya Juni ijayo, mwiteni mkunga mbele ya Kamati ya Afya awaeleze ni watoto wangapi aliowasikia mapigo ya moyo wakiingia leba na hakuwasikia wakilia. Muulizeni pia mapigo yale alikuwa akiyapima kwa chombo gani.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi lenye mambo haya nimeliandika pamoja na kina mama wenzangu tunaoosha maiti, wauguzi wawili watatu, na wazazi kadhaa waliozika bila kibali. Wamo Waislamu, Wakatoliki, na wengine ambao dini yao sikuiuliza. Kuhusu siku utu unapoanza hatukuafikiana, na tumeandika hivyo katika ukurasa wa kwanza. Kwa yaliyofuata sote tumetia sahihi. Tutaliwasilisha kwa Karani wa Bunge la Taifa, na nakala kwa Seneti. Tunaomba Kamati ya Afya ituite, na kikao kiwe Mombasa au Kilifi, ili wale akina mama waweze kufika bila kukosa siku nyingine ya kazi.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu mstaafu na mwosha maiti, Mombasa